Sumaku Iliyobaki Kamina

Kabla hajakusalimia alikuwa anatazama mikono yako, halafu mifuko, halafu kiuno. Mtu asiyemjua angedhani ni askari wa kizuizi cha barabarani. Alikuwa anatafuta chuma. Ukiwa na funguo, kisu, saa ya mkono au hata pini ya nywele, alikuonyesha kikapu kilichokaa karibu na mlango, nawe ukaviweka humo. Ndipo alipokupa mkono na kukuuliza habari za watu wa nyumbani kwako, mmoja mmoja, kwa upole uliokufanya usahau kwamba umepekuliwa.

Tulimwita Prof. Mtaa mzima wa reli pale Kamina ulimwita hivyo, na wadogo zangu walimwita Papa Prof. Jina lake nalijua, lakini siliandiki. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, hilo nalo naliacha. Miaka ile watu waliulizana sana asili zao, na maswali hayo yaliacha nyumba nyingi tupu katika mtaa wetu. Kwetu hakuulizwa, naye hakueleza.

Alifika kwa treni ya kutoka upande wa mto Kasai, mwaka ambao vita ya kwanza kati ya zile mbili za nchi yetu ilianza kule mashariki. Alikuwa na masanduku matatu ya mbao. La kwanza lilikuwa refu kama kabati la nguo, na ndani yake mlikuwa na mitambo ya umeme. La pili lilikuwa dogo, la vichupa vyembamba vya kioo na vifaa vingine vya kushikwa mkononi. La tatu halikufika kiunoni mwa mtu mzima, lakini wanaume wa reli walipojaribu kulisukuma walitazamana. Hilo ndilo lililokuwa na sumaku.

Yote matatu yalikuwa mashine moja. Chuo kimoja cha Ulaya kilikuwa kimepata mpya zaidi, kikaitoa hii kama zawadi kwa chuo kikuu ambako Prof alifundisha kemia, kule kusini, siku nyingi za treni kutoka bandari ya mtoni. Chuoni kwake walikuwa nayo moja ya zamani, imechoka, majibu yake hayaaminiki tena. Vijana walihitimu kemia wakiwa wameiona mashine ya namna hiyo ikifanya kazi katika picha za kitabu tu. Prof alikuwa amesafiri mwenyewe hadi mtoni kupokea iliyo bora. Alitaka jambo moja, na nililisikia akilisema kwa lugha tatu: sumaku ile ifike mbele ya wanafunzi ikiwa nzima.

Treni ilimfikisha Kamina ikakatwa. Injini ilichukuliwa kubeba askari. Wakamwambia angoje treni ya wiki ijayo.

Nyumba yetu ilikuwa ya kampuni ya reli. Baba alikuwa mfunga breki. Alikufa kwanza, mama akamfuata. Hakuna aliyekuja kututoa, kwa sababu aliyepaswa kututoa naye alikuwa halipwi. Mimi nilikuwa mkubwa. Niliacha shule nikiwa kidato cha pili, nikachukua kazi ya mama ya kuuza samaki wakavu wa Mulongo, na wadogo zangu watatu wakaendelea kusoma. Prof alikuja kutuona kwa sababu ya sakafu. Alikuwa amesikia kwamba chumba chetu cha mbele kina saruji nene ambayo baba aliimwaga mwenyewe. Aliingia, akapiga magoti, akagonga sakafu kwa vidole hapa na pale kama daktari anavyogonga kifua, halafu akasema angependa kupanga, yeye na sanduku la tatu. Alilitaja kama mtu wa pili.

Kabla ya hapo sanduku hilo lilikuwa limehifadhiwa kwa jirani yetu Baba Ramazani, mfanyabiashara wa watu wa Maniema ambao babu zao walifuata njia za biashara mpaka kwetu. Alikuwa na bohari karibu na stesheni, na kila mtu alijua kwamba mizani yake haidanganyi. Alimpokea mgeni na mizigo yake bila kumtoza kitu. Kwa kuwa bohari ilikuwa imejaa magunia, na sanduku lilikuwa imara na kimo chake kilifaa, akaweka mizani juu yake.

Baada ya muda akina mama wa Mulongo walianza kunung'unika. Samaki waliowapima nyumbani walipofika kwa Baba Ramazani walikuwa wamepungua. Mwanzoni walilaumu jua. Halafu mmoja wao akamwita mwizi mbele ya watoto wake. Baba Ramazani alikuja kwa Prof akiwa amevaa kanzu ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa.

"Prof, minyi nimeuza hapa tangu kijana. Leo bamama banasema mizani yangu iko na mukono ya shetani. Weye muntu wa masomo, kuya uangalie."

"Mizani iko wapi, Baba?"

"Juu ya sanduku yako. Njo meza muzuri niko nayo."

Prof alikaa chini kwenye kizingiti, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaona uso wa mwenzake na akanyamaza. Walikwenda pamoja. Alimwonyesha jinsi sumaku ilivyokuwa inavuta mawe ya chuma ya mizani, upande wa mawe ukashuka kabla ya wakati. Aliyeleta samaki alipunjwa. Lakini aliyenunua chumvi alizidishiwa, kwa hiyo Baba Ramazani alikuwa akiibiwa kwa mkono mmoja na kuiba kwa mwingine, bila kujua. Alichoumia zaidi ni kwamba wanunuzi wa chumvi, watu aliowasalimu kila siku, hakuna hata mmoja aliyelalamika. Akina mama wa Mulongo aliwaita wote, akawafidia, na sanduku likaja kwetu likiviringishwa juu ya magogo ya mti, kwa sababu Prof alikataa mabomba ya chuma.

Kikapu cha mlangoni kilianza siku hiyo. Aliyekikataa ni mtu mmoja tu, shefu, yaani mkuu, wa stesheni. Alisema shefu havui saa, ni kama kuvua suruali. Prof hakubishana naye. Walikunywa chai karibu kabisa na sanduku, wakaagana vizuri. Saa ilisimama, na kwa kuwa hakuna treni iliyopita, shefu aliendelea kuitazama asubuhi na jioni na kuandika kwenye ubao kwamba mambo yako sawa. Aligundua Jumapili alipofika kanisani watu wakiwa wanatoka.

Kila asubuhi Prof alikwenda stesheni kuuliza treni, ingawa kutoka kitandani kwake angesikia hata troli ikipita. Hakuuliza kama treni itakuja. Aliuliza nani amesema. Habari moja aliitafuta kwa watu watatu, na kama watatu hao walikuwa ndugu, aliwahesabu kama mmoja. Kwa namna hiyo alitupotezea furaha nyingi za uongo. Watu walikuja wakikimbia kusema treni iko Kaniama, yeye akauliza maswali yake pale pale barabarani, na mwisho ikawa ni shemeji ya mtu aliyeota.

Mtu huyu ambaye hakuweza kuongeza hata robo kwenye kipimo alikuwa mwizi mkubwa katika mchezo wa dama. Alicheza na wastaafu wa reli kivulini nyuma ya karakana, kwa vizibo vya chupa, na ukigeuka kumtazama mpita njia, kizibo chako kimoja kilikuwa kimekwenda mahali pengine. Waliomkamata aliwaambia kwa utulivu kwamba ule ni mchezo, si maabara. Mzee mmoja mwendesha treni alimwambia, "Prof, wanafunzi yako banajua weye uko vile?" Akajibu kwamba wanafunzi wake ndio waliomfundisha.

Mdogo wangu Ilunga ndiye aliyemuuliza siku moja mashine ile ni ya kazi gani. Alikuwa kijana wa kuuliza, na nilitaka kumkataza, maana mpangaji naye ana haki ya kupumzika. Prof aliacha kula. Alisema ndani ya kila kitu chenye maji au mafuta au pombe kuna vitu vidogo mno, havionekani kwa jicho wala kwa darubini, na kila kimoja ni kama pia ya mtoto inayozunguka. Vikiwa peke yake vinazunguka ovyo, kila kimoja na upande wake. Ukiviweka katikati ya sumaku yenye nguvu, vinajipanga. Hapo unaviita kwa mawimbi kama ya redio, navyo vinajibu, na kalamu inachora jibu kwenye karatasi.

"Zinajibu namna moja zote?" Ilunga aliuliza.

"Hapana. Njo uzuri yake. Kila moja inajibu kufuatana na majirani yake. Ukisikia jibu, unajua anakaa na nani."

Kwa njia hiyo, alisema, unaweza kuchukua dawa ya mizizi ambayo bibi anapika kijijini, na bila kuiharibu ukajua imejengwaje ndani. Lakini sumaku inapaswa kuwa sawasawa kila mahali katikati yake. Ikipigwa, ikipata joto upande mmoja na baridi upande mwingine, ikakaa na vyuma, inapoteza ule usawa, na kuurudisha ni kazi ya miezi. Nilikuwa nasafisha samaki huku nasikiliza. Jambo la majirani nililielewa mara moja.

Sasa niseme yale yasiyompendeza kila mtu.

Msemo wake mkubwa ulikuwa "Haiko yangu." Vitu vyake mwenyewe alivitoa kama mtu anayehama. Alikuja na makoti mawili, akabaki na moja, halafu hilo nalo nikaliona kwa mwanafunzi wa shule ya ufundi. Redio yake ilikwenda kwa mjane wa nyumba ya pili. Lakini kutoka kwenye masanduku hakutoa hata skrubu. Mwezi wa sita, baridi ya Kamina inapouma, alichukua blanketi lake na kulifunga sanduku kama sisi tunavyofunga sufuria ya wali ili umalizie kuiva wenyewe, akalala amejifunika magunia. Nilimwambia mtu ataugua. Alisema mtu akiugua anaweza kusema anaumwa wapi.

Muuguzi mkuu wa hospitali alikuja kumwomba. Jenereta yao ilikuwa inatoa umeme wa kurukaruka, friji ya chanjo ilikuwa karibu kuungua, naye alikuwa amesikia kwamba ndani ya lile sanduku refu kuna kifaa cha kutuliza umeme. Kilikuwamo kweli. Prof alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema si chake. Muuguzi alimuuliza kama wanafunzi wasio hapa ni watu kuliko watoto walio hapa. Kuanzia siku ile Prof aliingia katika injini mbovu zilizokuwa nyuma ya karakana, akatoa nyaya na mabati, na kwa muda mrefu akatengeneza kifaa chake mwenyewe, akakipeleka hospitali mgongoni. Kilifanya kazi, siku nyingine vizuri, siku nyingine vibaya. Hakikuwa kama kile cha sandukuni, naye alijua hilo kuliko sisi. Muuguzi alikipokea, akamshukuru, lakini hakukaa naye tena meza moja. Mimi mpaka leo sijaamua nani kati yao alikuwa na haki. Nilichoona ni kwamba Prof alipita hospitali kila juma kukirekebisha, na hakulalamika kwamba hakukaribishwa chai.

Kulikuwa pia na shida ya jina. Jina refu la mashine lilikuwa limeandikwa kwa Kifaransa ubavuni mwa kila sanduku, na katikati ya jina hilo mlikuwa na neno "nyuklia". Mkoa wetu ndiko ilikochimbwa urani ya mabomu. Kila mtoto amesikia. Majirani walianza kupita upande mwingine wa barabara. Mama mmoja alileta habari kwamba mbuzi wake ametupa mimba. Mwishowe ofisa mmoja wa jeshi akaja na watu wake, wakasimama uani kwetu, mbali kidogo. Prof alieleza kwamba nyuklia ni kiini tu, kiini cha kitu chochote, hata cha maji ya kunywa, na kwamba mashine hailipuki wala haichomi. Ofisa alimsikiliza kwa heshima. Kisha akasema, "Prof, minyi nimesikia. Lakini bantu yangu habakusoma. Futa ile neno."

Alilifuta kwa kulipaka lami ya mabehewa. Kwa siku kadhaa hakuwa na raha. Alisema ameficha jina la kitu kwa sababu ya woga wa watu, na kwamba mwalimu hafanyi hivyo. Nilimwambia mwalimu aliye hai anafanya.

Alikaa nasi mpaka vita ya kwanza ikaisha, na ya pili ikaanza. Treni za kuelekea kusini zilipita mara chache, nazo hazikutaka mizigo ya vyuo. Halafu siku moja ikaja iliyotaka. Watu watatu wasio ndugu walisema jambo lile lile, na Prof akaamini. Tatizo lilikuwa winchi ya stesheni. Ile iliyoliteremsha sanduku la tatu ilikuwa imekufa zamani, vipuri vyake vimeuzwa. Kabati refu na sanduku dogo yalipandishwa kwa mikono ya watu. La tatu wanaume walijaribu kulipandisha kwa mbao na kamba mpaka ubao mmoja ukavunjika, na mzee mmoja karibu apoteze mguu. Prof ndiye aliyesema waache.

Alikaa juu ya sanduku pale stesheni, watu wakipanda na magunia na kuku. Vita ilikuwa inashuka kutoka kaskazini. Wakimbizi wa Kabongo walikuwa tayari wamelala kwenye veranda za mtaa wetu. Akibaki, mitambo ingekwenda peke yake na kuporwa njiani. Akienda, sumaku ingebaki. Aliniita kama wadogo zangu walivyoniita, Yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, weye utakimbia?"

"Kwenda wapi? Batoto banasoma hapa."

"Askari wakifika?"

"Wakifika watanikuta."

Halafu akanieleza mambo ambayo nilikwisha kuyajua: blanketi, vyuma, lisipinduliwe. Nilimwambia apande. Alipanda na masanduku yake mawili, na hakutupungia mkono kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshika kabati.

Wanaume wa reli waliliviringisha tena mpaka nyumbani. Miaka iliyofuata sanduku hilo ndilo lililokuwa meza yetu. Tulikula juu yake kwa vyombo vya alumini na miiko ya mti. Wadogo zangu walifanyia hapo kazi za shule. Usiniulize nilichokuwa nafikiri. Nilikuwa na watoto, samaki, wakimbizi verandani, na sanduku. Asubuhi nilitazama vyote vinne.

Askari wa nchi nyingine walipita, wakala samaki wetu, wakaenda. Hatari ya kweli ililetwa na wanunuzi wa vyuma chakavu waliokuja na lori vita ilipopoa. Walikuwa wamenunua reli, vyuma vya kugeuzia njia ya treni, hata kengele ya shule. Walikuja wawili, vijana wenye miwani, wakagonga sanduku kwa ngumi na kuniambia kwamba mwenyewe hatarudi, na kama sitauza watakuja kulichukua na barua ya serikali. Niliwaambia waje kesho. Walipoondoka nilichukua kipande cha chupa, nikakwangua lami ile ubavuni. Kazi ilikuwa ngumu, maana Prof alipofuta neno alikuwa amelifuta kwelikweli. Asubuhi yake walilikuta neno liko wazi. Mmoja alilisoma kwa sauti ndogo, akanitazama mimi, akatazama sahani ya mboga ya sombe juu yake, akauliza tumekula hapo tangu lini. Nilimwambia tangu watoto wakiwa wadogo. Hawakurudi.

Vita iliisha. Treni zilianza kupita tena, mwaka mzima zikapita. Ilunga alimaliza masomo ya ualimu, akaanza kufundisha fizikia na kemia katika shule moja ya sekondari hapa hapa mjini. Dada zake wakaolewa. Prof hakuja wala hakuandika.

Alikuja wakati wa mvua za mwisho. Nilikuwa naanika samaki nikaona mzee amesimama kwenye uzio, nywele nyeupe zote, mwembamba, suruali imekazwa kwa kamba. Alitoa kalamu ya chuma mfukoni akatafuta mahali pa kuiweka. Hapo nikamjua. Hakwenda kwanza kwenye sanduku. Alikaa jikoni, akauliza habari za kila mtoto, halafu za Baba Ramazani, ambaye tulikuwa tumemzika. Aliuliza pia habari za yule muuguzi.

Ndipo akanieleza. Mitambo ilifika kusini salama. Aliiunganisha na sumaku ile ya zamani iliyochoka, ikafanya kazi kiasi. Mistari iliyochorwa na kalamu ilikuwa minene, lakini kuna vijana wachache waliopata shahada kwa mistari hiyo. Kisha paa likavuja, umeme ukaunguza upande mmoja, yeye akastaafishwa. Mkuu mpya alimwomba ruhusa ya kugawa vilivyobaki kwa ajili ya vipuri.

"Ulikubali?" nilimuuliza.

"Nilikubali. Chumba kiko ya ordinateurs, kompyuta, sasa." Alitazama mikono yake. "Yaya, hakuna muntu anangoya ile sumaku tena. Nimekuya kukuambia minyi mwenyewe. Haikuwa vizuri usikie kwa barua, ao usisikie."

"Nilijua."

"Ulijua je?"

"Treni zilipita mwaka muzima. Kama inangojewa, ungekuya na ya kwanza."

"Sasa sababu gani uliichunga?"

"Uliniambia niichunge. Haukuniambia niache."

Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akasema, taratibu, kama anayesoma kipimo: "Basi nakuambia. Acha."

Nikasema sawa. Tulikaa. Mvua ilianza kunyesha juu ya mabati, nikaingiza samaki. Niliporudi alikuwa chumba cha mbele, amefunua blanketi, ameweka kiganja juu ya mbao, na Ilunga, aliyekuwa ametoka kazini, amesimama karibu naye na mkoba wake wa shule. Walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini, mambo ya kemia, na mdogo wangu, mtu wa kuuliza, safari hii hakuuliza bali aliomba. Kwenye shule yao hakuna hata sumaku ya redio. Anachora ubaoni. Alisema wanafunzi wake ni watoto wa cheminots, watu wa reli, na wa wakulima, hakuna atakayefika chuo kikuu kusini kwa mwaka huu wala ujao, na kama Prof hana mpango mwingine na kitu hiki, wao wana chumba chenye sakafu.

Prof aliuliza sakafu ni nene kiasi gani.

Kesho yake wastaafu wa reli walikuja na magogo. Wengine walikuwa wale wale wa mara ya kwanza, wamepungua meno. Walilisukuma sanduku barabarani, pikipiki za kubeba abiria zikasimama kupisha, na Prof akatangulia mbele akiwafukuza watoto wenye baiskeli. Tulifika shuleni jua likiwa juu. Treni yake ya kurudi ilikuwa mchana huo huo. Tiketi ilikuwa mfukoni, na shefu mpya wa stesheni alikuwa amemwonya kwamba siku hizi treni haingoji mtu.

Walikuwa wamebana madawati mpaka ukutani. Ilunga alimkaribisha kwa maneno machache. Prof alifungua mbao mwenyewe, ubao mmoja baada ya mwingine, na kwa mara ya kwanza niliona kitu ambacho tulikuwa tukila juu yake: vipande viwili vizito vya mviringo, rangi ya majivu, vinatazamana, na kati yao nafasi ndogo isiyozidi upana wa kidole gumba. Darasa zima lilisimama ili lione. Aliwaambia wakae, wataona wote. Kulikuwa na nafasi kwenye dawati la mwisho, nikakaa. Sikuwa nimekaa kwenye dawati tangu mama alipokufa.

Alianza kueleza kwa Kifaransa, akaona nyuso zao, akarudi kwenye Kiswahili chetu. Honi ya treni ilisikika kutoka stesheni. Ilunga alimtazama, nami nikamtazama. Alikuwa ameisikia, nilimwona akigeuza kichwa kidogo upande wa dirisha, kama mtu anayeitwa na jirani. Msichana mmoja wa mbele alikuwa ameinua mkono, na swali lake lilikuwa refu, na katikati alisahau alichotaka kusema akaanza upya. Honi ikapiga mara ya pili. Prof alikuwa ameweka kidole kimoja juu ya chuma, kichwa amekiinamisha kumwelekea, anangoja amalize.